Maneno Kumi na Sita, Vichwa Viwili



Nyumba nyingi siku hizi zina simu mbili, na baada ya chakula cha jioni kila mmoja huinama juu ya yake. Leo sitaki kuwagombeza kwa hilo, wengine wamekwisha kuwagombeza vya kutosha. Nataka tuangalie jambo ambalo mume na mke wanaweza kulifanya kwa simu moja, au hata kwa karatasi na kalamu tu.

Gazeti la Marekani liitwalo The New York Times lina mchezo wa maneno unaoitwa Connections, lilioanza kuutoa mwezi wa Juni 2023. Kila siku hutoka fumbo jipya. Huonyeshwa maneno 16, nanyi mnatakiwa kuyagawa katika makundi manne, kila kundi maneno manne yenye uhusiano. Mkikosea mara nne, mchezo umekwisha. Makundi yana rangi: manjano ni jepesi, kisha kijani, kisha buluu, na zambarau ndilo gumu. Lakini rangi huonekana mkishalipata kundi, si kabla. Wazo lenyewe si geni sana, kwani huko Uingereza BBC ilianza mwaka 2008 kuonyesha shindano la Only Connect, ambalo nalo lina ukuta wa vidokezo 16 vya kugawanywa vivyo hivyo.

Mchezo huo ni wa Kiingereza, tena cha Kimarekani, na ziko siku hudai mjue mambo ya kwao. Msione haya kushindwa siku hizo. Kwetu nyumbani tumezoea kuandika mafumbo yetu kwa Kiswahili. Haya ndiyo maneno ya siku ya kwanza, aliyoyaandika mke wangu:

simba, kinu, tembo, mlango,
busaa, paa, twiga, mwiko,
kifaru, muratina, ukuta, mbuzi,
dirisha, nyati, sufuria, chang'aa.

Usiendelee kusoma kwanza. Mwite mwenzako, mtazame pamoja.

Mimi niliona wanyama mara moja. Nikasema kwa sauti ya mtu ajuaye: simba, tembo, mbuzi, twiga. Kosa. Simba, tembo, twiga, kifaru? "Bado moja," akasema, maana yake matatu ni sawa na moja ni geni. Nikatoa tembo, nikatia paa. "Bado moja." Hapo akanihurumia, akasema, "Baba watoto, nani amekuambia ni mbuzi huyu na paa huyu? Mimi naona mbuzi hii." Badala ya kusikiliza nikaona ananicheka. Nikamrudisha mbuzi kwa ukaidi tu, nikafikisha makosa manne, nikaikunja karatasi. Tulilala bila kuzungumza, watu wazima wawili, kwa ajili ya mbuzi.

Asubuhi aliikunjua karatasi karibu na kikombe changu cha chai. Mimi nimekulia bara, mbali na nazi. Yeye ni mzaliwa wa Kilifi, na neno mbuzi likitajwa jikoni yeye huiona ile ya kukunia nazi kabla ya kumwona mnyama. Kumbe alikuwa amenipa jibu lote kwa neno moja, "hii".

Tazameni sasa jinsi fumbo hili linavyofunguka. Kosa langu la kwanza lilikuwa kutohesabu. Wanyama ni saba: simba, twiga, nyati, kifaru, tembo, paa na mbuzi. Kundi lenye watu saba si mahali pa kuanzia hata kama ndilo unaloliona kwanza. Aghalabu mtunzi amelijaza makusudi. Anza pale penye upungufu. Vitu vya jikoni ni kinu, mwiko na sufuria. Ni vitatu, vinamtafuta wa nne, naye ni mbuzi. Pombe ni busaa, muratina na chang'aa. Ya nne ni tembo, ile inayogemwa kwenye mnazi. Mlango, ukuta na dirisha vinangojea paa la nyumba. Wanyama wanaobaki ni wanne wasio na kwao kwingine.

Mtu atasema, lakini kifaru pia ni gari la vita! Ni kweli. Ila maana ya pili si kitu mpaka ipate wenzake watatu, na hapa hakuna bunduki wala kombora.

Kwa Kiswahili tunayo njia nyepesi ya kuwanasa wenye sura mbili. Litamke neno pamoja na huyu, kisha na hii, kisha na hili. Paa huyu, paa hili. Tembo huyu, tembo hili. Twiga hakubali ila huyu. Kwa Kiingereza njia hiyo haipo, lakini jiulizeni kama neno ni jina na kitendo pia, au kama lina maana nyingine kabisa, kama lile moja ambalo ni mnyama wa baharini na pia muhuri.

Mkiambiwa bado moja, msibahatishe. Mwanzoni mnaweza kutoa lolote kati ya maneno manne na kutia lolote kati ya 12 yaliyobaki. Hizo ni njia 48, nanyi mmebakiwa na makosa matatu tu. Ni afadhali kuliacha kundi hilo, mkapate jingine, nalo litajipunguza lenyewe.

Na sisi tumewekeana sheria: mwenye simu habonyezi mpaka mwenzake ataje sababu inayoyashika maneno yote manne. "Nahisi tu" haikubaliwi. Ni kweli mkipata makundi matatu la nne hujileta, lakini mke wangu hakubali kwenda kulala kabla ya kujua sababu yake.

Kutunga ni kazi kuliko kufumbua, kwa hiyo tunapokezana. Kundi la zambarau mara nyingi halishikwi na maana bali na umbo la neno, kwa mfano kitu kinachoweza kutangulia mbele yake. Wiki iliyopita aliweka jeshi, sheria na siasa, nami nikayatia na serikali. Bado moja. Ndoa nilikuwa nimekwisha kuipeleka kwa posa, mahari na harusi. Safari hii nilimuuliza kabla ya kuandika. Akasema, "Tia mwana mbele yake." Mwanajeshi, mwanasheria, mwanasiasa, mwanandoa.