Samaki Usiyemjua Kwenye Ndoano: Pa Kutazama Kwanza

Anayevua kwa ndoano Kalemie atapata mara nyingi samaki ambaye muuza samaki hana jina lake. Sokoni hujaa ndagala, mikebuka, sangala na kuhe, lakini Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za ukoo wa sikilidi peke yake, na karibu zote hazipatikani pengine popote duniani. Tena Kalemie ndipo mto Lukuga unapotoka ziwani kuelekea mto Lualaba, kwa hiyo mdomoni pale samaki wa ziwani na wa mtoni wanaweza kukutana.

Usianze na rangi. Samaki akishakufa rangi yake hufifia upesi, na dume la sikilidi hung'aa wakati wa kuzaa kisha likapauka. Kuna sikilidi wadogo wa mawe, wanaoitwa Tropheus, ambao hubadilika rangi kutoka pwani hadi pwani: huku wekundu, kule weusi wenye mkanda wa manjano. Ukifuata rangi, utawatenga ndugu na kuwachanganya wageni.

Anza na pua. Sikilidi ana tundu moja tu kila upande, ilhali samaki wengi wengine wana mawili. Kisha tazama ubavuni, kwenye ule mstari wa vitundu vidogo: kwa sikilidi hukatika katikati na kuanza tena chini zaidi, karibu na mkia. Kuhe, mkubwa kuliko sikilidi wote wa ziwa hili, ana alama hizo mbili. Kwa sangala na mikebuka mstari hauvunjiki; huenda moja kwa moja hadi kwenye pezi la mkia. Ndagala hana mstari huo kabisa, kwani ni wa jamaa ya dagaa wa baharini. Kuwepo kwa viumbe wanaofanana hivyo na wa bahari kulimfanya Mwingereza J.E.S. Moore aandike mwaka 1903 kwamba ziwa hili lilikuwa zamani mkono wa bahari. Wanasayansi waliofuata waliikataa hoja hiyo, ila swali lake, viumbe hao walifikaje humu, lilikuwa la haki.

Pezi dogo la nyama mgongoni, karibu na mkia, pamoja na magamba na meno marefu yanayoonekana hata mdomo ukifungwa, ni dalili ya mbenga. Mtoe ndoano kwa koleo, kamwe si kwa vidole.

Mwenye ndevu asiye na magamba ni wa jamii ya kambale, na hapo pana tahadhari. Kambale wa kawaida ana pezi refu mgongoni. Ukiona mnene, laini, wa kijivu chenye madoa meusi, ambaye mgongoni hana pezi ila kijipande cha nyama karibu na mkia, huyo ni kambale wa umeme. Anaweza kutoa volti 300 na zaidi. Kata uzi, mwache arudi majini, hasa ikiwa umesimama ndani ya mtumbwi wenye maji.

Wa hatari kuliko wote ni bunju wa maji baridi, Tetraodon mbu, anayeishi katika bonde la Kongo na Tanganyika pia. Hana magamba, meno yake yameungana yakawa mfano wa mdomo wa kasuku, na akishikwa huvimba. Bunju wengi hubeba sumu ambayo moto hauiondoi: usimchemshe, usimkaushe, usimpe mbwa.

Kwa mwingine yeyote usiyemtambua, mpige picha angali mbichi, akiwa amelala ubavu na kichwa kikielekea kushoto, mapezi yamekunjuliwa, rula au kiberiti kando yake. Piga ya pili ya mdomo na pua kwa karibu. Andika kwa penseli, maana wino huyeyuka ukilowa: tarehe, mahali, kina, kama chini palikuwa mawe, mchanga au matope, na jina wanalomwita wazee wa ufuoni, hata kama wanatofautiana. Wataalamu wa Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia cha Uvira wanashughulika na samaki wa ziwa hili, na picha ya namna hiyo itawafaa kuliko maelezo marefu. Mpaka jibu lije, samaki huyo asiingie chunguni.