Progesteroni: Homoni Inayolinda Mimba na Inayoizuia

Mwaka 1929, katika mji wa Rochester, Marekani, wataalamu wawili, George Corner na Willard Allen, waliwachukua sungura majike waliokwisha kupandwa, wakawaondoa ovari zote mbili. Kwa kawaida viinitete vya mnyama aliyefanyiwa hivyo hufa upesi. Lakini sungura hao walipodungwa dawa iliyokamuliwa kutoka ovari za nguruwe, viinitete vyao vilijishikiza katika mji wa mimba na kukua. Ilidhihirika kwamba ovari haitoi mayai tu, bali hutoa pia kemikali ambayo pasipo hiyo mimba haisimami.

Kemikali hiyo ilipatikana katika hali safi mwaka 1934. Adolf Butenandt wa Ujerumani alihitaji ovari za nguruwe wapatao 50,000 ili kupata miligramu 20 tu. Iliitwa progesteroni, jina lililoundwa kutokana na maneno yenye maana ya "kwa ajili ya kubeba mimba".

Inakotoka

Yai linapopevuka na kutoka katika ovari, kifuko kilichokuwa kimelihifadhi hakipotei. Hugeuka kuwa tezi ndogo ya rangi ya manjano, nayo huitwa mwili wa manjano. Tezi hiyo huchukua kolesteroli kutoka katika damu na kuigeuza kuwa progesteroni, kiasi cha miligramu 25 kwa siku inapofikia kilele chake.

Maisha ya tezi hiyo ni mafupi, siku 14 hivi. Ikiwa mimba haikutungwa, tezi hunyauka, progesteroni hupungua katika damu, na hedhi hufuata. Ikiwa mimba imetungwa, kiinitete hutoa homoni yake chenyewe, ile ile inayotafutwa na kipimo cha mimba cha mkojo. Homoni hiyo huiamuru tezi isinyauke. Kati ya wiki ya 7 na ya 9 ya mimba, kondo la nyuma huichukua kazi hiyo, na mwishoni mwa mimba hutengeneza kiasi cha miligramu 250 kwa siku.

Inavyofanya kazi

Progesteroni ni steroidi, yaani ni ya jamii ya kemikali ziyeyukazo katika mafuta. Kwa hiyo hupenya utando wa seli bila shida. Ndani ya seli hukutana na protini iitwayo kipokezi, nayo huingia humo kama ufunguo katika kufuli. Viwili hivyo vikiungana hushika sehemu maalumu za jeni katika kiini cha seli, na seli huanza kutengeneza protini fulani au huacha kutengeneza nyingine. Seli isiyo na kipokezi hicho haiwezi kuitikia amri kwa njia hii.

Matokeo yake ni manne. Kwanza, utando wa ndani ya mji wa mimba hujaa chakula na kuwa tayari kukipokea kiinitete. Pili, misuli ya mji wa mimba hutulia, isije ikajikaza na kukitoa. Tatu, ute wa mlango wa mji wa mimba huwa mzito, na mbegu za kiume hushindwa kupita. Nne, ubongo na tezi ya pituitari huzuiwa kutoa amri ya kupevusha yai jingine.

Ni dhahiri basi kwamba homoni hii huueleza mwili jambo moja: mimba ipo, na nyingine isitungwe. Mimba ikiwapo, ujumbe huo huilinda. Ukifika kabla ya yai kutoka, huizuia isitungwe.

Matumizi katika tiba

Kuzuia mimba. Progesteroni ya asili ikimezwa, sehemu yake kubwa huvunjwa na ini. Wanakemia wakatafuta kemikali zinazofanana nayo. Katika miaka ya 1940, Russell Marker alitengeneza progesteroni kutokana na viazi vikuu vya mwituni vya Mexico. Na mwaka 1951, Carl Djerassi, George Rosenkranz na Luis Miramontes, nchini humo humo, walitengeneza norethisteroni. Kemikali za jamii hii ndizo zilizomo katika vidonge vya kupanga uzazi, katika vijiti viwekwavyo mkononi chini ya ngozi, na katika sindano ya miezi mitatu. Ieleweke kuwa kula viazi hivyo hakuzuii mimba: mageuzi hayo hufanyika katika maabara, wala si mwilini.

Kulinda mji wa mimba. Mwanamke aliyekoma hedhi akipewa homoni ya estrojeni peke yake, utando wa mji wa mimba huzidi kukua na hatari ya saratani huongezeka. Kwa hiyo huongezewa progesteroni.

Kulinda mimba. Hutolewa kwa wanawake ambao mayai yao yametungishwa nje ya mwili. Hutolewa pia kwa baadhi ya wajawazito ambao shingo ya mji wa mimba imeonekana kuwa fupi, ili kupunguza hatari ya kuzaa njiti.

Mipaka yake

Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba progesteroni ingeweza kuokoa kila mimba inayotishia kuharibika. Utafiti haukuthibitisha hivyo. Karibu nusu ya mimba zinazoharibika mapema, au zaidi, huwa na kasoro katika kromosomu, na homoni haiwezi kuirekebisha. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Uingereza kwa wanawake 4,153 waliotokwa damu mwanzoni mwa mimba. Kwa jumla tofauti ilikuwa ndogo mno kuthibitisha faida. Lakini miongoni mwa wale waliokwisha kupoteza mimba tatu au zaidi, waliopewa progesteroni walijifungua watoto hai 72 katika kila 100, na wasiopewa 57.

Kwa hiyo mwanamke aliyepoteza mimba asidhani kuwa ni kwa sababu alikosa dawa, wala mjamzito anayetokwa damu asijinunulie vidonge dukani. La kufanya ni kwenda hospitali mapema, ili chanzo chake kichunguzwe.

Maswali

1. Kwa nini hedhi hufuata mwili wa manjano unaponyauka?
2. Eleza jinsi homoni moja inavyoweza kulinda mimba na pia kuizuia.
3. Ovari zikiondolewa katika wiki ya 12, kwa nini mimba huweza kuendelea?