Kabla ya Harambee ya Karo, Someni Mstari wa Hesabu

Ndugu na dada wa vikundi, somo letu mara hii ni la hesabu, lakini si ile ya kitabu cha mweka hazina. Ni gredi ya hesabu iliyo kwenye cheti cha kijana anayetaka kwenda chuo cha ufundi. Tumeona vikundi vikichanga karo kwa moyo mkubwa, halafu kijana anarudishwa siku ile ile ya kuripoti. Kikundi kimoja cha akina mama kiliuza mbuzi wawili na kutoa akiba yote ya merigoraundi. Kijana akafika chuoni na sanduku lake, akaambiwa kozi ya umeme inataka D+ ya hesabu, na yeye ana D-. Pesa zilikuwa zimeshaingia benki. Kuzirudisha kulichukua miezi, na maneno kikundini yakawa mengi.

Kozi nyingi zina masharti mawili na watu husoma moja tu. La kwanza ni wastani wa KCSE. Kwa kawaida diploma huanzia C-, cheti cha ufundi huanzia D, na kozi za atizani hupokea walio chini ya hapo. La pili ni gredi ya somo moja moja, na hapa ndipo hesabu hukwamisha watu. Mtu aweza kuwa na wastani wa C- na hesabu ya E. Kozi fulani itamchukua, lakini ya umeme au ujenzi ikamkataa. Sharti hili halifanani kila chuo, kwa hivyo msimuulize jirani. Ulizeni chuo chenyewe, wawape jibu kwa maandishi, na muulize kabla kadi za harambee hazijachapishwa.

Je, kama gredi haifiki? Njia tunayoipenda sisi ni kuanzia ngazi ya chini. Mafunzo ya siku hizi yamepangwa kwa ngazi: ya 4 ni atizani, ya 5 ni cheti, ya 6 ni diploma. Aliyefaulu ya 4 aweza kuomba ya 5. Polteknik za vijiji, ambazo Katiba ya 2010 iliziweka chini ya kaunti, ziko karibu na nyumbani na karo yake si kubwa. Wazazi wengi huona aibu mtoto wa Fomu Foo kwenda huko. Aibu hiyo tunadhani imewagharimu vijana wengi kuliko hesabu yenyewe. Kwa yule ambaye tayari anafanya kazi, kuna tredi testi ya NITA, daraja la 3, kisha la 2, kisha la 1. Hiyo huangalia zaidi kazi ya mikono.

Njia nyingine ni kurudia KCSE kama mtahiniwa wa binafsi. Usajili huwa miezi ya kwanza ya mwaka, na anayetaka asikawie, maana darasa la mwisho la 8-4-4 ni lile lililofanya KCPE mwaka 2023, na linatarajiwa kumaliza 2027. Tena aulize chuo kwanza kama kitakubali gredi mpya ya hesabu pamoja na cheti cha zamani.

Mtihani wenyewe una karatasi mbili, kila moja saa mbili na nusu. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, jumla alama 50. Sehemu ya pili ina maswali 8, unachagua 5, kila moja alama 10. Anayetafuta D+ hahitaji kujua yote. Aanze na yale ambayo kijiji kinayafanya kila siku bila kuyaita hesabu.

Tazameni. Kikundi kimemkopesha mama mmoja shilingi 8,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, miezi 3. Riba ya mwezi ni 8,000 × 5 ÷ 100 = 400. Miezi 3 ni 1,200. Atarudisha 9,200. Mweka hazina wenu anaijua hiyo usingizini.

Fundi akichanganya zege ya 1:2:4, hizo ni sehemu 7. Kwa karai 21, kila sehemu ni karai 3: saruji 3, mchanga 6, kokoto 12. Hiyo ni mada ya uwiano. Na akitaka kona ya nyumba ikae sawa, hupima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na kamba ya kuunganisha lazima iwe futi 5. Kwa nini 5? Kwa sababu 3 × 3 ni 9, 4 × 4 ni 16, ukijumlisha ni 25, nayo ni 5 × 5. Kijana aliyeikimbia mada hii darasani huielewa haraka akishika kamba.

Kwa hivyo mwiteni fundi, mweka hazina, na mwalimu mstaafu mmoja. Jioni mbili kwa wiki, karatasi za mitihani iliyopita, na taa. Gharama yake ni ndogo kuliko mbuzi mmoja.

Ya kujadili kikundini: Ni vijana wangapi hapa kwetu waliokwamia gredi ya hesabu, na walitaka kozi gani? Nani atakwenda chuoni kuuliza masharti, na nauli yake itatoka wapi? Wasichana wakiwa na kazi za jioni nyumbani, somo hili litawekwa saa ngapi ili nao wafike?