Zawadi ya ndugu nayo ni oda: ipime kabla hujaiahidi

Hii ni ya sisi tunaofuma kwa krosheti na kuuza mtandaoni. Ila hata kama unaoka keki au unashona, soma tu, maana wote tuna ndugu na wote tunapenda kuwafurahisha.

Mimi nilijifunza kufuma mwenyewe baada ya kumaliza kidato cha nne, kwa video za simu na bando la usiku. Nikaanza na vitambaa vya makochi, zikafuata seti za watoto wachanga, halafu mikoba. Nyumbani walikuwa wananiona nacheza tu. Kwa hiyo dada yangu alipopata mchumba nikasema sasa ndo watanijua. Mbele ya mama na shangazi zangu nikaahidi kwamba siku ya sendofu nitamletea kitandiko cha kitanda cha tano kwa sita, rangi ya maziwa chenye maua ya kahawia, nimekifuma kwa mkono wangu. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Sikupima chochote. Nilinunua madonge sita ya uzi nikaanza kufuma vipande vya mraba, kila kimoja sentimita 15 kwa 15, niviunganishe mwishoni. Uzi ukiisha nanunua mengine mawili, hela ikipatikana naongeza matatu. Nilikuwa nafuma usiku, mchana nahudumia wateja. Wiki ya tatu ilipoisha nikavihesabu, vilikuwa 70. Nikaona ni vingi, nikajipongeza.

Halafu nikachukua futi nikapima kitanda. Futi 5 ni kama sentimita 152, na futi 6 ni kama 183. Kitandiko lazima kining'inie, angalau sentimita 30 kila upande na miguuni. Ukijumlisha unapata kama sentimita 210 kwa 210, yaani vipande 14 kwa 14. Hivyo ni vipande 196! Nilikaa chini kabisa.

La pili lilikuwa baya zaidi. Nilivitandaza vipande mlangoni kwenye mwanga wa jua, nikaona rangi ya maziwa ziko mbili. Usiku kwenye taa huwezi kuona, ila mchana nyingine ilikuwa inavuta kwenye njano. Kumbe kiwandani uzi hupakwa rangi kwa mafungu, na kila fungu lina namba yake kwenye lebo ya donge. Jina la rangi linaweza kuwa lile lile lakini fungu likiwa tofauti, rangi inaweza kupishana kidogo. Mimi lebo nilikuwa natupa.

Na la tatu ndilo linaloniuma mpaka leo. Kuna mteja alikuwa ameagiza seti ya mtoto, kofia, soksi na kiblanketi, na ameshalipa nusu. Uzi wake ulikuwa kabatini. Usiku mmoja uzi wa kitandiko uliisha, nikauchukua ule wake, nikasema nitaurudisha wiki ijayo. Mtoto akazaliwa kabla ya seti. Yule dada akaniandikia: "Mwanangu ametoka hospitali na kofia ya kununua dukani. Naomba unirudishie hela yangu." Hakunitukana, na hilo ndo liliniumiza. Hela yenyewe sikuwa nayo, ilikuwa imelala ndani ya vile vipande. Nilimkopa mama, nikamrudishia na kumwomba radhi. Mpaka leo hajaagiza tena.

Sendofu ilipofika nilikuwa na vipande 112. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nafuma vipande. Nilichagua 56 vya rangi moja, nikaviunganisha 14 kwa 4, kikatoka kitambaa kirefu cha kutandika miguuni mwa kitanda. Vile vya njano-njano nikatengenezea foronya mbili za mito ya kuegemea. Dada alifurahi, wageni walipiga picha. Mama peke yake ndiye aliyeniangalia kwa jicho la "tunajuana". Kitandiko kizima nilikimaliza miezi minne baadaye, bila kugusa uzi wa mtu.

Sasa nikuonyeshe ninavyofanya siku hizi, kwa ndugu na kwa mteja.

Kabla sijasema "ndiyo" nafuma vipande kumi. Navifua na kuvikausha kama atakavyofua mwenyewe, ndipo napima kwa futi, kwa sababu kipande kinaweza kulegea au kubana baada ya maji. Halafu naviweka vyote kumi pamoja kwenye mzani wa jikoni. Usipime kimoja, mizani yetu hii haiwezi kupima vizuri kitu chepesi hivyo. Vyangu kumi vilikuwa na gramu 140, kwa hiyo kimoja ni 14. Zidisha kwa 196, unapata gramu 2,744. Donge langu ni la gramu 100, hayo ni madonge 28. Nyuzi za kuunganishia na pindo la pembeni naongeza manne. Jumla 32, nanunua yote siku moja, fungu moja, na lebo nahifadhi. Mwenye duka akikuambia fungu hilo yamebaki 20 tu, usianze ukitegemea bahati. Badilisha rangi, au chukua mafungu mawili na uyachanganye tangu kipande cha kwanza, kimoja hiki kimoja kile, ili tofauti isambae kitandiko kizima. Ukimaliza fungu moja ndo uingie lingine, utapata mstari kama wangu.

Muda nao napima vivyo hivyo. Kipande kimoja kinanichukua dakika 25 nikiwa sijasumbuliwa. Mara 196 ni kama saa 82. Kuunganisha, kuficha ncha za nyuzi na pindo ni saa 16 nyingine. Wengi tunasahau hizo ncha jamani, na ndiyo kazi inayochosha kuliko zote. Jumla saa 98. Ukifuma saa mbili kila usiku ni usiku 49. Mimi niliahidi kwa wiki tano.

Uzi gani? Kwa kitandiko natumia akriliki kwa sababu ni mwepesi, unakauka haraka na bei yake inavumilika. Ila mwambie mtu asiupige pasi ya moto, unalala na haurudi. Vya watoto wachanga napenda pamba, haishiki joto sana, na vifungo siweki kabisa, mtoto anaweza kuking'oa akakimeza.

Tuje kwenye bei. Baada ya sendofu mama mdogo alinipigia. Tumesalimiana vizuri, akasema, "Mwanangu, na mimi nifumie kitandiko kama cha dada yako. Nitakupa elfu 80." Zamani ningesema sawa mama mdogo, halafu ninune miezi mitatu. Safari hii nilimwomba nimpigie jioni, nikachukua daftari. Uzi madonge 32 kwa 3,500 ni 112,000. Saa 98 kwa 1,500 ni 147,000. Jumla 259,000. Yaani elfu 80 haifiki hata hela ya uzi. Ningemfumia bure na juu yake nimlipe elfu 32!

Watu wanasema ndugu usimpunguzie hata shilingi. Mimi sikubaliani. Mama mdogo alinilea likizo nzima nzima, siwezi kumtoza kama mtu niliyekutana naye mtandaoni. Nilichoamua ni hiki: undugu naukata kwenye mikono yangu, siukati kwenye uzi. Uzi ni hela ya dukani, undugu wangu mwenye duka haujui. Saa zangu ni za kwangu, naweza kuzitoa nusu, au zote kama ni zawadi. Na zawadi nazo nimezitengea ukurasa wake kwenye daftari, na uzi wake mfuko wake. Wa mteja uko kwenye mfuko wenye jina lake na tarehe, hauguswi hata nikiwa nimebakiza kipande kimoja.

Jioni nikampigia. "Shikamoo mama mdogo. Kitandiko kizima uzi peke yake ni laki moja na elfu 12. Ila ninaweza kukufumia kile cha miguuni, kama alichopewa dada siku ya sendofu." Nikamsomea: vipande 56, uzi madonge 10, sawa na 35,000. Kazi ni kama saa 28, na yeye namtoza nusu, 750 kwa saa, sawa na 21,000. Jumla 56,000. Uzi anatuma kwanza, kazi analipa akipokea.

Akanyamaza. Akasema atafikiria. Wiki mbili kimya, nikajua amekasirika, nikaanza kupanga namna ya kumwomba mama anisemee. Halafu siku moja ikaingia meseji ya muamala, elfu 80 nzima. Nikampigia kumwambia amezidisha elfu 24.

"Najua," akasema. "Hiyo nunulia uzi wa mito. Na uwe wa fungu moja, dada yako ameniambia ya kwake ina njano."