Glasi ya Kwanza Hutoka Wapi? Somo Kuhusu Pombe, Sigara na Afya ya Vijana Wetu



Somo la robo hii linahusu madhara ya pombe na sigara kwa vijana wa umri wa miaka 12 hadi 18. Limeandaliwa ili lisomwe kwa sauti katika kikao na kujadiliwa kwa muda wa saa moja hivi.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo, washiriki waweze:
(a) kueleza kwa nini pombe na sigara humdhuru kijana kuliko mtu mzima;
(b) kutambua dalili za hatari na kutoa msaada wa kwanza;
(c) kukubaliana jambo moja ambalo parokia itabadilisha mwaka huu.

1. KISA CHA KUANZIA

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya somo, lakini wengi wetu tutakitambua.

Kijana wa miaka 14 amepokea kipaimara Jumapili asubuhi, katika parokia moja kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mchana, nyumbani kwao limefungwa turubai, mbuzi wamechinjwa, kuna kreti za bia na pipa la mbege. Mjomba wake anamwita mbele ya wazee, anampa glasi ya bia na kumwambia, "Leo umekuwa mtu mzima." Watu wanapiga makofi, akina mama wanapiga vigelegele. Jioni baba yake anamtuma dukani akamletee sigara tatu. Muuzaji anampa bila kuuliza neno. Njiani kijana anawasha moja ili aonje.

Mwaka unaofuata mwalimu anawaita wazazi. Kijana ameshuka sana darasani, na ndani ya begi lake imekutwa chupa ndogo ya pombe kali. Mama analia. Baba anauliza kwa hasira, "Ni marafiki gani hawa waliomharibu mtoto wetu?"

Ndugu zangu, kabla ya kuwatafuta marafiki hao, tujiulize: glasi ya kwanza ilitoka mkononi mwa nani?

2. SIGARA KATIKA MWILI UNAOKUA

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 69 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Kinachomfunga mvutaji ni nikotini, ambayo hufika kwenye ubongo sekunde chache tu baada ya kuvuta. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25, na sehemu ya mbele, inayotusaidia kupima mambo na kujizuia, ndiyo huchelewa zaidi. Kwa sababu hiyo kijana hunaswa upesi. Wapo ambao huanza kuona hamu ya kuvuta hata kabla hawajafikia kuvuta kila siku. Ndiyo maana watu wazima wengi wanaovuta leo walianza wakiwa vijana.

Mapafu nayo bado yanakua katika umri huu, na moshi hupunguza ukuaji wake. Hewa ya sumu iliyomo katika moshi, iitwayo kaboni monoksaidi, huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mchezaji wa timu ya shule anayevuta huanza kuhema mapema kuliko wenzake, na kikohozi hakimwishi. Aidha, uvutaji huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu, ugonjwa ambao bado ni mzigo mkubwa katika nchi yetu. Baadaye hufuata magonjwa ya moyo, kiharusi, na saratani za mapafu, kinywa na koo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wasioiacha.

3. POMBE KATIKA MWILI UNAOKUA

Watu wengi husema, "Bia ni maji tu, ubaya uko kwenye pombe kali." Tupige hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi. Mililita 100 za pombe kali ya asilimia 40 zina mililita 40. Ini la mtu mzima huhitaji saa mbili hadi tatu kumaliza kilevi cha chupa hiyo moja ya bia. Kijana mwenye mwili mdogo na asiyezoea hulewa kwa kiasi kidogo zaidi. Wala kahawa, maziwa au kuoga maji baridi haviharakishi kazi ya ini.

Pombe huingilia sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, ile ile anayoitegemea mwanafunzi wa kidato cha pili anapojiandaa kwa mtihani. Hulegeza uamuzi: hapo ndipo zinapotokea ajali za bodaboda, ugomvi, mimba zisizotarajiwa na maambukizi ya VVU. Kijana anayetumia dawa za kufubaza VVU, akilewa husahau kuzimeza. Wanaoanza kunywa kabla ya miaka 15 wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa watumwa wa pombe ukubwani. Ikumbukwe pia kwamba pombe yenyewe, hata bila sigara, husababisha saratani, zikiwemo za koo, ini na matiti.

Gongo ina hatari ya pekee. Hakuna anayepima nguvu yake, na baadhi ya wauzaji huongeza methanoli, kemikali ya viwandani. Mwilini methanoli hugeuka kuwa sumu inayoharibu mishipa ya macho. Mnywaji anaweza kuamka kipofu, au asiamke kabisa. Jirani zetu wa Kenya hawajasahau Novemba 2000, ambapo watu zaidi ya 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa sumu hiyo.

4. DALILI ZA HATARI

Kijana aliyelewa akiwa haamki hata akitikiswa, anapumua polepole au kwa kukatisha, anatapika akiwa hana fahamu, au ngozi yake imekuwa ya baridi, msiseme "mwacheni alale, pombe itamtoka." Mlazeni kwa ubavu ili matapishi yasimzibe koo, msimwache peke yake, na mwahisheni hospitali. Anayelalamika kwamba haoni vizuri baada ya kunywa gongo naye apelekwe mara moja.

5. SHERIA IPO, LAKINI HAITOSHI

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe au sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ilitungwa mwaka 2003. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali vilivyotosha mfuko wa sare ya shule na kununuliwa kwa fedha ya vitafunio. Hatua hiyo ilikuwa njema. Hata hivyo hakuna askari anayekuja kwenye sherehe ya kipaimara kuangalia ni nani amempa mtoto glasi. Kazi hiyo ni yetu.

6. NENO LA MUNGU

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 6:19, anatufundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Maandiko hayamhukumu kila anayekunywa: Bwana wetu alihudhuria arusi ya Kana, na Yoshua bin Sira, sura ya 31, anakiri kwamba divai kwa kiasi huufurahisha moyo. Lakini katika Mathayo 18:6 Yesu anatoa onyo kali kwa yeyote anayewakwaza wadogo. Kipaimara ni siku ya kumwomba Roho Mtakatifu amwimarishe kijana. Je, ni haki siku hiyo hiyo iwe siku ya kumwonjesha kinachomdhoofisha?

7. LA KUFANYA

Kwa wazazi. Tusimtume mtoto kununua sigara wala pombe, wala tusimpe aonje. Tusivutie ndani ya nyumba, kwa maana moshi humdhuru hata asiyevuta. Tuzungumze naye kabla hajafikia miaka 12, kwa upole na bila vitisho.

Kwa kamati. Ipitisheni sherehe za kipaimara na komunyo ya kwanza zisizo na pombe. Wengine watauliza, "Wageni watatuonaje?" Wakijibiwa na parokia nzima kwa pamoja, hakuna familia itakayoona aibu peke yake. Togwa, juisi na soda vinatosha, na fedha ya kreti za bia inaweza kulipia madaftari na sare.

Tuwakumbuke pia akina mama wanaosomesha watoto kwa mbege. Kuwalaani madhabahuni hakutalipa ada. Tukae nao, tukubaliane kwanza wasiwauzie watoto, kisha tuwasaidie kupitia vikundi vya kuweka na kukopa wapate shughuli nyingine.

Kwa wafadhili. Mnaweza kuona kwamba somo la namna hii halina jengo la kupigwa picha. Lakini ada mnayomlipia mwanafunzi hupotea akiacha shule kwa ajili ya pombe. Semina, mipira ya vijana na mafunzo ya washauri ni ulinzi wa sadaka mliyokwisha kuitoa.

Kwa kijana aliyekwisha kunaswa. Asitengwe wala kutangazwa kanisani. Anayelewa kila siku asiachishwe ghafla nyumbani bila ushauri wa daktari, kwani anaweza kupata degedege. Anayevuta ajue kwamba hajachelewa: mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara hupungua kwa karibu nusu.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Wewe ulionja pombe kwa mara ya kwanza ukiwa na umri gani, na nani alikupa?
2. Katika kigango chetu, mtoto anaweza kununua wapi sigara moja moja? Nani ataongea na muuzaji, na lini?
3. Ni kitu gani kinachozuia sherehe ya kipaimara isiyo na pombe katika parokia yetu?
4. Ni kijana gani tunayemfahamu anayehitaji kutembelewa wiki hii? (Asitajwe jina kikaoni.)

Katibu aandike uamuzi mmoja tu, jina la mhusika na tarehe ya kuutekeleza.

SALA

Ee Baba, umetukabidhi watoto hawa wakiwa wazima. Utusamehe pale ambapo mikono yetu wenyewe iliwapa kilichowadhuru. Utujalie ujasiri wa kubadili desturi zetu, na uwainue vijana walioanguka. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.