Somo kwa Vyama vya Msingi: Jeraha la Shambani

Katika mashamba ya Kiruruma kahawa na migomba hukua pamoja, na samadi ya ng'ombe hutandazwa chini yake. Udongo wa namna hiyo huweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Kwa hiyo mwanachama aliyejikata kwa panga, au kuchomwa na msumari ghalani, asidharau jeraha kwa kuwa ni dogo: tundu jembamba lenye kina huwapa vijidudu hivyo mahali pasipofikiwa na hewa.

Damu izuiwe kwanza kwa kugandamiza kitambaa safi. Kisha mtu aliyenawa mikono aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi safi mpaka mchanga utoke, alifunike kwa shashi. Mafuta ya taa, majivu na samadi (bado wapo wanaovitumia!) visiguse kidonda.

Katibu aweke chamani sabuni, shashi, bandeji, mkasi na glavu, na kuviandika katika daftari la vifaa kama anavyoandika magunia. Sanduku lenye kufuli ambalo ufunguo wake uko nyumbani kwa mtu halimsaidii majeruhi.

Mwenye jeraha la kina au lililoingia udongo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda. Usaha, homa au wekundu unaosambaa humrudisha huko. Taya likikaza, mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja kuche.