Mwangabaki na Fosforesensi: Tatizo la Istilahi katika Polima za Usalama

1.0 Utangulizi

Uundaji wa istilahi za sayansi mara nyingi hujadiliwa kana kwamba mipaka ya kila dhana imekwisha kuwekwa katika lugha chanzi, na kazi iliyobaki ni kutafuta neno tu. Makala hii inaonyesha kwamba sivyo. Mfano unaotumika ni wa polima zilizotiwa molekuli za kikaboni zinazoendelea kutoa mwanga baada ya taa kuzimwa, ambazo huchunguzwa kwa ajili ya kutambulisha hati na bidhaa halali.

2.0 Dhana Zinazohusika

Molekuli inapofyonza mionzi ya urujuanimno, elektroni yake hupanda kwenye kiwango cha juu cha nishati. Ikirudi mara moja, kwa kawaida ndani ya nanosekunde chache, mwanga unaotoka huitwa fluoresensi, jina lililotolewa na George Gabriel Stokes mwaka 1852 kutokana na madini ya fluoriti. Elektroni ikipitia kwanza hali ya utatu, kurudi kwake huwa kugumu na mwanga huchelewa. Hiyo ndiyo fosforesensi, ambayo Gilbert Lewis na Michael Kasha waliihusisha na hali ya utatu mwaka 1944. Katika molekuli za kikaboni, nishati ya hali hiyo hupotea kwa urahisi kutokana na mitikisiko ya molekuli na oksijeni ya hewani. Ndiyo maana huzamishwa katika polima ngumu, ambayo huzibana zisitikisike na kuchelewesha oksijeni kuzifikia.

Hata hivyo, si kila mwanga unaochelewa ni fosforesensi. Mwaka 2017 Ryota Kabe na Chihaya Adachi wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walitangaza mchanganyiko wa kikaboni uliotoa mwanga kwa zaidi ya saa moja. Humo chaji hutengana, kisha huungana tena polepole. Aidha, fosforasi nyeupe, licha ya jina lake, hutoa mwanga kwa sababu ya kuungana na oksijeni.

3.0 Upungufu wa Kitenzi "Kung'aa"

Sufuria iliyosuguliwa hung'aa kwa kurudisha mwanga wa nje. Nyota hung'aa kwa mwanga wake yenyewe. Kuwaka hudokeza moto, na kumetameta hudokeza mwanga unaokatikakatika. Tatizo hili si la kinadharia tu. Karatasi nyingi za kawaida hutiwa kemikali za kuongeza weupe, ambazo hutoa fluoresensi ya buluu chini ya taa ya urujuanimno, ilhali karatasi ya noti kwa kawaida haitoi. Mkaguzi anayeambiwa "tazama kama inang'aa" aweza basi kuikubali noti bandia. Kwa alama za polima swali ni jingine: ni nini kinachobaki taa ikizimwa, na kwa muda gani? Alama mbili zinazofanana chini ya taa zaweza kutofautiana gizani, moja ikififia mapema, na ujumbe hufichwa katika tofauti hiyo.

4.0 Pendekezo

Inapendekezwa kwamba tukio linaloonekana kwa macho liitwe mwangabaki, kwa kuambatanisha maneno kama ilivyofanywa katika urujuanimno. Fluoresensi na fosforesensi zibaki kuwa majina ya michakato. Yaweza kupingwa kwamba maneno ya mkopo huficha maana, na kwamba fluoresensi ingefaa kuitwa "mwanga wa papo hapo". Lakini sayansi inatambua pia fluoresensi iliyochelewa. Istilahi hiyo ingezaa "mwanga wa papo hapo uliochelewa", yaani ukinzani mtupu. Hapa uwazi wa neno ungepotosha kuliko ukopaji.

5.0 Hitimisho

Mjadala huu unabainisha kwamba kigezo cha uwazi hakitoshi peke yake. Istilahi ya kile kinachoonekana yafaa iwe wazi kwa mkaguzi na mnunuzi. Istilahi ya kisababishi yafaa istahimili uvumbuzi mpya. Mwanaistilahi asiyetenganisha mambo hayo mawili humwachia mtumiaji neno lisilomsaidia kutambua bandia na halali.